Mtoto Anayekimbilia Mkoba

Jumapili, mwishoni mwa Julai. Njiro, saa kumi na moja jioni.

Baridi ya leo ni ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mlima hatujauona tangu Alhamisi, umejifunika mawingu mpaka miguuni, na manyunyu yanaanguka kwa uvivu. Hayanyeshi yakaisha, wala hayaachi nguo zikauke. Nimekaa sebuleni na soksi za mume wangu miguuni. Chai yangu ya tangawizi imeshapoa. Pendo amelala kwenye kochi pembeni yangu, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika pindo la kanga yangu.

Amelala hapa.

Nataka niliandike hilo kwanza kabla ya mengine yote, maana leo asubuhi sikuwa na uhakika kama jioni hii mwanangu angelala kwenye kochi hili au kitandani kwa bibi yake, huko juu Meru.

Ngoja nirudi Jumanne, ndipo yalipoanzia. Nilimpeleka Pendo kliniki. Ana miaka miwili na ushee, mtoto mchangamfu, anaimba, anakimbia, rimoti ya televisheni anaijua kuliko baba yake. Nesi akampima uzito, akaangalia kadi, akampima tena. Kisha akaniambia kwa upole kwamba uzito haujasogea tangu tulipokuja mara mbili zilizopita, na urefu nao unasuasua. Ningependelea anifokee. Ukali nina majibu yake, upole sina.

"Mama Pendo, mtoto anakula nini?" akauliza.

Hapo nikajiweka sawa kwenye benchi. Hilo swali nilikuwa nalingoja. Nikamtajia uji wangu wa lishe: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, shayiri, soya, karanga. Nasimamia mwenyewe mashineni unaposagwa, situmi mtu. Nilivitaja kwa madaha, Mungu anisamehe, na kwa sauti ya kutosha ili akina mama wa benchi la nyuma nao wafaidike.

Nesi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha kalamu ukutani, kwenye ile picha ya mwongozo wa taifa wa ulaji, yenye makundi sita ya chakula. Akagusa kundi la kwanza, la nafaka, mizizi na ndizi za kupika. Akasema mahindi yangu na mtama na ulezi na uwele na mchele na ngano na shayiri vyote vinakaa humo humo. Soya na karanga zinakwenda kundi la pili, pamoja na maharage, na afadhali nisizisage pamoja na nafaka maana unga unaharibika upesi. Halafu akaanza kuyapitia mengine taratibu. Mboga za majani? Matunda? Mayai, samaki, nyama, maziwa? Mafuta kidogo?

Kumbe miezi yote hii nilikuwa nimempa mwanangu kitu kimoja chenye majina saba.

Nikajibu, "Anakula." Akaniuliza mara ngapi kwa siku, na kiasi gani. Hilo sikulijua.

Na kinachouma ni kwamba kujua watu wanakula nini ndiyo kazi yangu. Niko kwenye ofisi ya kampuni ya utalii mjini, na Julai ndiyo wageni wanamiminika. Mimi ndiye ninayewaandikia wapishi wa kambi: huyu hali nyama, yule ngano inamsumbua tumbo, mama huyu hanywi maziwa ya ng'ombe, babu yule chumvi amekatazwa. Mgeni ambaye sijawahi kumwona najua anakunywa nini asubuhi. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, mpaka Jumanne sikujua ameshiba na nini.

Nesi aliniona nimenywea. Akaniambia nisibadilishe kitu kwanza. Nitafute siku moja nikae naye kutwa nzima, niangalie tu kinachoingia mdomoni, chochote kile, halafu nitajua pa kuanzia.

Nilipofika nyumbani nikafanya kosa. Nilimwambia mume wangu.

Kosa silo kumwambia, ni kwamba Elibariki hana siri na mama yake. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshapiga simu Meru. Na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko kama wajukuu wake, yaani bibi, si mtu wa kupoteza maneno kwenye simu. Alisema Jumapili baada ya ibada anashuka kumchukua mtoto. Atakaa naye mpaka Krismasi. Mtoto akishaachishwa ziwa na akaonekana kudhoofu, kwao anapelekwa kwa bibi, ananona, anarudishwa. Elibariki mwenyewe alilelewa hivyo, na kaka zake wote.

"Si mbaya," mume wangu akaniambia. "Hewa nzuri, maziwa ya ng'ombe wetu, ndizi. Wewe upumzike."

Upumzike. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Watu watasema, si bibi yake tu jamani, na si mbali, ukisimama Njiro siku ya jua unauona huo mlima. Ni kweli, na mama mkwe wangu anampenda Pendo, sina shaka. Lakini mtoto anayepelekwa mlimani kunona anaacha neno nyuma yake mjini, na neno lenyewe ni kwamba mama yake ameshindwa. Mimi ni Mchaga niliyeolewa Meru. Hilo neno lingefika kwetu Kibosho kabla hata nguo za mtoto hazijafungwa. Na neno ni dogo. Kubwa ni kwamba Krismasi ni mbali, na mtoto wa miaka miwili anasahau upesi.

Niliogopa angenisahau. Basi, nimeandika.

Jumatano sikumsikiliza nesi. Niliwahi kutoka kazini, nikapitia sokoni, nikaingia jikoni kupambana na ile picha ya ukutani. Ugali kidogo, maharage, mchicha wa karanga, dagaa waliotolewa vichwa, kipande cha papai, na parachichi kwa upande wa mafuta. Makundi yote sita kwenye sahani moja ya plastiki yenye picha ya sungura. Ningemtumia nesi picha kama ningekuwa na namba yake.

Pendo aliitazama sahani, akanitazama mimi, akafunga mdomo.

Nikabembeleza. Nikaimba. Nikageuza kijiko kuwa ndege, ndege ikazunguka uwanja mpaka mafuta yakaisha. Mwishowe, na hili sitaki kuliandika, nilimbana mashavu kwa vidole nikaingiza dagaa. Alimtema kwenye blauzi yangu ya kazini. Hakulia hata, alinitazama tu kwa mshangao, na mimi nikaachia mashavu yake nikaenda kukaa chooni mpaka nilipotulia.

Alhamisi nikamwambia bosi mtoto hayuko sawa, jambo ambalo si uongo sana, nikabaki nyumbani. Nikakaa kwenye kigoda jikoni na kuangalia, kama nesi alivyosema tangu mwanzo.

Asubuhi alikunywa uji, nusu kikombe. Saa nne Mage, dada anayetusaidia kazi, alikunywa chai yake, na Pendo akasimama mbele yake na macho yale. Mage akamkatia andazi. Baada ya muda Mama Colin, jirani wa ukuta mmoja, akaja kuazima kikaangio. Kiganjani alikuwa na bisi alizomletea "mchumba wa Colin." Mage akatoka naye dukani kununua vitunguu, mwenye duka hakuwa na chenji ndogo, akarudisha pipi, na pipi ya chenji inajulikana ni ya nani. Mchana wali na maharage vikawekwa mezani. Pendo akala vijiko viwili, akageuza uso. Alasiri Colin akarudi kutoka shule na biskuti nusu aliyombakizia, imeshikwa siku nzima hata rangi imebadilika, lakini amembakizia. Huyo mtoto ana moyo, sitamsema vibaya.

Hakuna hata mmoja aliyekosea. Kila mtu alileta kimoja.

Na ndivyo tulivyolelewa wote huku. Mtu haingii kwenye nyumba yenye mtoto mkono mtupu. Mama yangu alikuwa akienda kutembelea mzazi anapitia dukani hata kama ni kununua kibiskuti kimoja. Mtoto akikukimbilia ukamwambia huna kitu, unaona aibu wewe mkubwa, siyo yeye. Kwa hiyo siku nzima nyumba yangu imejaa watu wema, na mtoto hajapata nafasi ya kusikia njaa.

Halafu jioni geti likalia. Elibariki amerudi.

Kwa kawaida saa hizo mimi bado niko njiani, ndiyo maana sikuwahi kuliona hili nikiwa upande wa ndani. Pendo aliruka kutoka kwenye mkeka akakimbia, miguu inagonga vigae, anaita "Baba, Baba." Elibariki akachuchumaa mlangoni akafungua mikono. Pendo akapita chini ya mkono wake wa kushoto, moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki alioushika, akatoa juisi ya boksi, akakaa chini kuitoboa.

Nilicheka. Baba yake naye akacheka, akabaki amechuchumaa hivyo hivyo. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu nilikumbuka kwamba kila jioni na mimi naingia na keki ndogo ndani ya mkoba, na kila jioni anakuja mbio hivyo hivyo, na mimi huwa najisikia mtu wa maana kuliko wote Arusha.

Nilidhani ananikimbilia mimi.

Keki nilianza nayo Pendo alipoanza kutembea. Siku zile nikitoka asubuhi alikuwa analia nyuma ya geti, na kutwa nzima kazini nilikuwa nasikia kile kilio. Nikirudi na kitu mkononi tunaanza upya, ananisamehe. Ilikuwa njia rahisi ya kuomba radhi kwa mtu asiyejua bado kuongea.

Wakati wa chakula nikamweleza Elibariki niliyoyaona kutwa. Hakubisha, na kwake hilo ni jambo kubwa. Tukakubaliana kuanzia Ijumaa kila mtu aingie mkono mtupu. Aliuliza tu, "Sasa nikifika nimwambie nini?" Nikamwambia amuulize habari za mchana. Mage naye nikamwomba. Alikubali kwa shingo upande, akasema mtoto atamwona ana roho mbaya.

Ijumaa nilisimama dukani kwenye kona kwa muda usio na maana yoyote. Keki nilishaishika. Nikairudisha, mwenye duka akaniuliza kama imeharibika.

Pendo alikuja mbio kama kawaida. Akauchukua mkoba, akakaa nao chini, akatoa pochi, mafuta ya mikono, funguo za ofisi, kalamu, leso. Akaingiza kichwa ndani. Kisha akaugeuza juu chini akautikisa. Nikasema, "Leo Mama hana kitu. Mama amekuja mwenyewe." Alijilaza kwenye vigae akalia mpaka Mama Colin akauliza juu ya ukuta kama mtoto ameanguka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi Ijumaa sikumchelea, na bado nililia.

Baba yake, ambaye siku hiyo alichelewa, alivyoingia mikono mitupu nikamshukuru kwa macho. Baadaye nikiwa natundika koti lake nikagundua boksi la juisi kwenye mfuko wa ndani. Eti la dharura. Nilimwambia Wameru hawaaminiki, akaniambia Wachaga wamezidi kupekua mifuko ya watu, tukacheka, juisi nikainywa mimi.

Jana Pendo alishinda na gubu. Lakini mchana alikula makande, siyo mengi, akiwa amekaa kati yetu, na hakuna aliyeshika kijiko cha ndege.

Basi ikafika leo.

Koko alishuka kwenye bajaji saa saba akiwa bado na kitenge cha kwaya. Dereva alimsaidia kushusha mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa mgando, mboga chungu ya mnafu iliyofungwa kwenye majani ya mgomba, na hotpoti ya loshoro, mahindi yao laini yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Begani alikuwa na mkoba wake mweusi wa kanisani. Na mkononi alikuwa na begi la bluu, la zipu, limelala bapa kwa sababu halikuwa na kitu ndani.

Nililijua ni la nini. La nguo za Pendo.

Nikapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Kabla hajaitikia, Pendo alikuwa ameshanipita mbio na kuingiza mikono yote miwili kwenye mkoba wa kanisani. Akatoka na pakiti ya biskuti. Koko akacheka kwa furaha, akamfungulia mwenyewe kwa meno. "Marahaba mwanangu, mnaendeleaje?"

Nilibaki nimesimama na mkungu wa ndizi mikononi. Mke wa mtu hamnyang'anyi mtoto kitu alichopewa na bibi yake, hilo halifanyiki Meru wala Kibosho. Nilimwangalia Elibariki aniokoe. Alikuwa ameanza kukagua dari.

Tukaingia jikoni, mimi na mama mkwe. Akawa anafungua majani ya mgomba na kunieleza jinsi mtoto anavyolishwa. Kwamba Elibariki amekuzwa na loshoro na ndizi, hajawahi kwenda kwa nesi kusomewa makundi. Elibariki, ambaye alikuwa anasikiliza mlangoni, akasema, "Mama, na mayai je? Kuku tulikuwa nao tele, mayai yote yanakwenda sokoni Tengeru. Mimi yai lilikuwa la Krismasi. Na maparachichi tulikuwa tunapewa yale yaliyopasuka."

Koko akamjibu bila kugeuka, "Na shuleni ungekwenda na nini?"

Na ni kweli. Elibariki akarudi sebuleni. Mimi nikachukua kisu nikaanza kumenya ndizi. Nilijua nikinyamaza sasa, baada ya chakula lile begi litafunguliwa.

Nikasema, "Mama, anayemkondesha mtoto ni mimi."

Akaacha kuchambua mnafu. Nikamwambia kila kitu huku naangalia ndizi: keki zangu, juisi ya Baba Pendo, andazi, bisi, pipi ya chenji, biskuti ya Colin. Nikamwambia mtoto akikaa mezani tumbo limeshajaa vitu vitamu. Nikamwambia jinsi alivyopita chini ya mkono wa baba yake. Biskuti zake yeye sikuzitaja. Hazikuhitaji kutajwa, zilikuwa zinasikika sebuleni zikivunjwa.

Nilitegemea kusemwa. Koko ana ulimi, na nilishajiandaa. Lakini alichukua tena mnafu, akaurudisha chini.

"Mimi namwona mara moja kwa mwezi," akasema. "Mvua zikiharibu barabara, hata miezi miwili. Nikija mkono mtupu, atanijuaje kama mimi ni bibi yake?"

Nikaendelea kumenya.

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," akaongeza, taratibu. Methali hiyo nimeisikia ikisemwa kwa watu wa ofisini na wazee wa mahari, kwa utani na kwa ujanja. Sijawahi kuisikia ikisemwa kwa huzuni.

Nikamwambia, "Hata mimi mama, ni hivyo hivyo."

"Wewe ni mama yake."

"Ananiona jioni tu."

Machozi yakanitoka, sikuyaficha, wala sikusingizia vitunguu maana tulikuwa hatujavikata. Mama mkwe wangu akanivutia begani kwake mara moja, kwa nguvu, kisha akaniambia ndizi zinabadilika rangi. Tukaendelea kumenya. Miaka yote niliyoolewa, nadhani leo ndiyo mara ya kwanza tumekaa jikoni bila kushindana.

Chakula kilipokaribia Koko alikwenda sebuleni akakaa kwenye mkeka na Pendo. Nikachungulia. Hakumnyang'anya pakiti. Alimwambia, "Mpe na Koko ale." Pendo akampa moja. Koko akala, akanyoosha tena mkono. Pendo akatoa nyingine. Waliendelea hivyo kwa heshima kubwa mpaka biskuti zikaisha, na nyingi zikiwa zimeliwa na mtu mwenye miaka zaidi ya sitini. Alipoona namwangalia akapangusa mdomo na kuniuliza kama sijawahi kumwona mtu akila.

Tulikula wote kwenye sinia moja chini. Loshoro, ndizi na maharage, mnafu, mayai niliyoyakaanga, vipande vya parachichi pembeni, na papai la kumalizia. Sikuyahesabu makundi. Sawa, niliyahesabu, lakini kimoyomoyo.

Pendo alikaa mapajani kwa Koko. Kwanza alitazama tu. Koko akala kama vile mtoto hayupo, akaongea na Elibariki habari za ng'ombe. Baada ya muda mkono mdogo ukashuka ukachukua kipande cha ndizi. Ukarudi ukachukua yai. Loshoro aliipenda, akajipaka mpaka kwenye nyusi. Mnafu aliutema kwenye kitenge cha kwaya, na Koko akapangusa akasema hata baba yake alikuwa anautema, na sasa anauomba.

Sitaki kujidanganya hapa, ninapoandika bila mtu kunisoma usoni. Hakula sana. Mchana mmoja si mwezi, na mizani ya kliniki haijali nililia vizuri kiasi gani jikoni. Lakini alikula kwa mkono wake, kwa sababu alikuwa na njaa, na wengine walikuwa wanakula.

Saa kumi Koko akainuka. Akachukua mkoba wake mweusi. Kisha akaliinua begi la bluu. Mume wangu hakutazama dari safari hii, alinitazama mimi.

"Kliniki ni lini?" Koko akauliza.

"Mwanzoni mwa mwezi ujao, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya. Nikisikia kadi haijapanda, nakuja na begi hili hili, na sitaomba ruhusa ya mtu."

"Sawa mama."

Pale mlangoni akachuchumaa, na kwa magoti yake si jambo dogo. Akamwita Pendo, akafungua mkoba wa kanisani akamwonyesha ndani: kitabu cha nyimbo, miwani, kitambaa. "Umeona? Koko akija tena hana kitu. Utanikimbilia?"

Alimuuliza kwa sauti ya mchezo, lakini hakuwa anacheza.

Pendo akachungulia mkoba. Akaingiza mkono, akaupapasa, akautoa. Kisha akaligeukia begi la bluu, akavuta zipu, akachungulia na humo. Hamna kitu. Alisimama akalitazama kwa muda, na uso wake ukaingiwa na huruma, ile ya mtu aliyeona mgeni anarudi kwao hajafungiwa chochote. Akarudi mbio kwenye sinia, akachukua kipande cha ndizi alichokuwa amekiuma upande mmoja, akaja nacho mkono umenyooka mbele, akakitumbukiza ndani ya begi.

"Ya Koko," akasema.

Koko alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Nilitaka kukitoa kile kindizi kisichafue begi, akanipiga mkono. Akafunga zipu mwenyewe. Bajaji ilipogeuza pale nje nilimwona amelipakata begi mapajani, ameliwekea mikono yote miwili juu.

Pendo anajigeuza sasa kwenye kochi, karibu ataamka na atataka kula. Viazi viko jikoni, na mayai mawili yamebaki.

Kesho Jumatatu narudi kwa wageni wangu wasiokula hiki na kile. Saa kumi na mbili jioni nitafungua geti, na kwenye ile kona ya duka nitapita upande wa pili wa barabara, najijua. Nitachuchumaa mlangoni nifungue mikono. Akinipita aende kwenye mkoba, aende, nitauacha wazi sakafuni. Akimaliza kuupekua, atanikuta bado nimechuchumaa pale pale.